Bati la bluu na msumari mmoja

Bati la kwanza tuliliokota kwenye majaruba ya jirani, hatua kama mia tatu kutoka nyumbani. Lilikuwa limekunjika kama chapati, bluu yake inang'aa kwenye tope, na chini yake papi mbili, zile mbao zinazopigiliwa bati, zimeng'ang'ania vilevile zilivyopigiliwa siku ya kwanza. Misumari ya bati yote ilikuwa mahali pake. Hata mmoja haukuchomoka. Nikamwambia mdogo wangu, "Fundi alipigilia vizuri, basi tu mapenzi ya Mungu." Akaitikia, maana siku ile kila kitu kilikuwa mapenzi ya Mungu.

Jibu la kwa nini upepo uliondoka na paa langu nikalala chini ya turubai nilikuwa nimelishika mikononi, ila sikujua kulisoma.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kahama. Nafundisha hisabati darasa la sita na la saba. Nyumba nilianza kuijenga mwaka 2012 kwa kuungaunga kama walimu wengi: mwaka huu msingi, mwaka kesho tofali, mwaka unaofuata unakaa tu unatazama ukuta ukiota majani. Nilikuwa bado natafuta pesa ya kupaua ndipo yakatokea ya Mwakata.

Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 mvua ya mawe na upepo ilipiga kijiji cha Mwakata, wilayani kwetu hapa hapa. Walikufa watu zaidi ya 40. Tulikwenda kutoa pole tukiwa walimu wachache, na kilichonikaa kichwani hadi leo ni kuta. Nyumba nyingi zilikuwa za udongo. Paa likishapasuka au kung'oka, maji yanashuka moja kwa moja juu ya ukuta, ukuta unakunywa, unalegea, unawaangukia waliolala chini yake. Nilirudi nyumbani nikaugusa ukuta wangu wa tofali za kuchoma nikashukuru, kisha nikaapa kwamba bati nitakalonunua jiwe halitalitoboa.

Tangu hapo mtu wa huku ukimtajia paa, anawaza mawe. Upepo tulikuwa hatuutaji. Ni jambo ambalo nimelifikiria sana baadaye: hofu ya msiba uliopita ndiyo iliyonichagulia bati, na hofu hiyo haikuwa na nafasi ya msiba mwingine wowote.

Mwaka 2016 nikapata mkopo, nikaenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Muuzaji akanionyesha aina tatu: migongo midogo, ile ya wazee wetu, migongo mipana, ambayo wengi tunaiita msauzi, na bati za vigae. Nikamwambia nataka lisilotobolewa na mawe. "Chukua msauzi, mama, geji 28. Hili hata ukilipiga nyundo." Lilikuwa bluu, bluu ya sare za shule, limepangwa juani linameremeta. Nitasema ukweli: kabla hajamaliza kusema geji, mimi nilikuwa nimeshajiona nimekaa barazani chini ya ile bluu.

Geji, kwa asiyejua, huenda kinyumenyume: namba ikikua, bati linakonda. Kwa kipimo cha zamani cha Kiingereza geji 28 ni karibu milimita 0.38, geji 30 ni 0.32, na geji 32 ni 0.27. Tofauti kati ya la kwanza na la mwisho ni unene wa karatasi moja tu ya daftari, jicho haliioni, lakini ni zaidi ya robo ya chuma unacholipia. Miaka mitatu baadaye nilichukua kipande cha bati langu nikakipeleka karakana wanakochonga vipuri, kijana akakibana kwenye maikromita, kifaa cha kupima unene. Ikasoma 0.30, na hapo rangi imo. Lile bati lilikuwa limepigwa muhuri wa 28.

Hata hivyo siyo unene ulioniangusha. Hilo nalisema mapema kwa sababu nikisimulia habari ya muhuri, watu hupumua, wanaona mchawi amepatikana.

Ilikuwa Novemba 2019, saa tisa alasiri, nimetoka shule mapema. Wingu lilikuja kutoka mashariki, jeusi kwa juu na la kijani kidogo kwa chini, na mbele yake kikatangulia kivumbi. Nyumba ilikuwa haijawekwa vioo. Madirisha ya upande huo yalikuwa na nondo na wavu wa mbu tu, na mlango wa mbele ulikuwa wazi kwa sababu watoto walikuwa wanakimbilia ndani. Upepo ukaingia nao. Nilisikia dari ya chumba cha kulala inapumua, inapanda na kushuka. Kisha upande wa baraza ukatoa mlio kama mtu anayechana kitambaa kirefu, na mwanga ukaingia juu yetu.

Mambo hayakuzidi dakika kumi. Mawe yalikuja baadaye, wakati hakuna tena bati la kuyazuia, tukajificha chini ya meza na mikeka kichwani. Yalikuwa madogo, kama punje za mahindi mabichi. Yale niliyojiandaa nayo kwa miaka minne yalinikuta sina paa, wala hayakuwa na nguvu ya kutoboa hata bati la geji 32.

Wiki hiyo watu walikuja na ushauri wa kila namna. Wa kwanza alisema weka mawe juu ya paa, au matairi, kama vile vibanda vya sokoni. Mwingine akasema tatizo ni bluu, rangi inavuta radi. Fundi wangu, kijana mzuri tu ambaye sina kinyongo naye, alikuja akasema, "Madam, upepo ule ulikuwa siyo wa kawaida," akaniandikia hesabu ya kurudishia vilevile.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja fundi seremala, mstaafu, jirani wa shemeji yangu. Ujana wake aliufanyia kazi kwenye mashamba ya chai huko Kericho, Kenya. Alikuja na fimbo yake, nikamwamkia, akakataa chai, akasema kwanza twende kwenye bati lililoanguka mbali zaidi. Nikampeleka kwenye majaruba. Aliligeuza kwa fimbo, akatazama papi zilizobaki nalo, akaguna.

"Mwalimu, bati halina kosa. Msumari wa bati nao hauna kosa. Twende kwenye kenchi."

Kenchi zangu, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zilikuwa bado zimesimama ukutani, zote nane, kama mbavu za ng'ombe aliyekufa kiangazi. Akapanda ngazi polepole, na mimi nyuma yake. Juu ya kila kenchi, kila mahali papi ilipokuwa imelala, palikuwa na tundu moja. Pengine msumari wenyewe ulikuwa umebaki, wa inchi nne, mwembamba, umenyooka. Akaushika mmoja kwa vidole viwili akauchomoa kama unavyochomoa kijiti kwenye mshikaki uliopoa.

"Mbao ilipigiliwa mbichi," akasema. "Ikakauka, ikasinyaa, ikamwachia msumari nafasi. Na msumari ameingizwa wima. Upepo unavuta kwenda juu, na msumari ameelekezwa njia hiyo hiyo ya kutokea."

Papi na kenchi vilikutana kwa msumari mmoja mmoja. Kenchi 8, mistari ya papi 14, jumla misumari 112. Ndiyo iliyokuwa imeshikilia ile bluu yote.

Jumatatu niliwapa darasa la saba kama swali, bila kuwaambia ni nyumba ya nani (walijua). Upepo wa kilomita 100 kwa saa unasukuma kwa nguvu inayokaribia kilo 47 kwa kila mita mraba. Paa lina mita mraba 130. Paa limeshikwa na misumari 112. Kila msumari unavutwa kwa kilo ngapi? Wakapiga: 6,110 gawanya kwa 112, kilo 54 na ushee. Msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono akasema, "Madam, yaani kila msumari umening'inizwa mtu mzima." Halafu mwenzake akauliza bati lenyewe lina uzito gani, labda linajizuia. Swali zuri. Mita mraba moja ya bati kama langu haifiki hata kilo 3. Ndiyo maana habari ya kuweka mawe juu inanichekesha siku hizi: ili yazuie upepo ule ungehitaji kujaza paa zima tani za mawe, na yale machache unayoweka ndiyo yatakayoruka kwanza na kumkuta jirani.

Hapo bado hesabu ilikuwa ya upole. Nguvu ya upepo haiongezeki sambamba na mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Tena paa halivutwi sawasawa kila mahali. Pembeni, kwenye kona, na kwenye kofia ya juu, mvuto unaweza kuwa mara mbili ya katikati au zaidi, kwa sababu upepo ukifika ukingoni unaruka, na chini ya mruko huo pana ombwe linalofyonza bati kwenda juu. Sisi tuliosoma sayansi ya shule tulidhani upepo unasukuma nyumba. Kumbe ukuta unasukumwa, paa linafyonzwa. Na ule ulioingia kwa madirisha yangu yasiyo na vioo ulisukuma kutoka ndani, kama mfuko wa rambo (ile tuliyopigwa marufuku Juni mwaka huohuo) unavyojaa ukiukimbiza barabarani. Kufyonzwa juu, kusukumwa chini, na msumari mmoja katikati.

Baraza langu lilikuwa limeunganishwa na paa kubwa, mbao zilezile zimevutwa mbele karibu mita mbili juu ya nguzo tatu. Likawa kama ukingo wa kofia: upepo uliingia chini yake ukakuta ukuta, hauna pa kwenda ila juu. Mzee alionyesha kwa fimbo jinsi lilivyoanza pale kona ya baraza, kisha papi moja ikaivuta nyingine, kama mkeka uliokatika ukindu wa kwanza.

Nikamwambia basi tukaze papi, tumalize. Akacheka. Akanipeleka kwa nyumba nyingine mtaani, ambayo fundi wake alikaza papi na kenchi kwelikweli kwa waya. Pale paa lilikuwa limeondoka zima, kama kofia inayovuliwa, na kozi mbili, yaani safu mbili, za tofali zimeondoka nalo. Waya wa kufungia kenchi ulikuwa umepitishwa chini ya kozi ya pili tu. "Upepo hauchoki," mzee akasema. "Ukifunga mlango huu, unajaribu unaofuata. Lazima ufunge mpaka uzito wa nyumba yenyewe ushikwe." Bati kwa papi, papi kwa kenchi, kenchi kwa mkanda wa zege, mkanda kwa ukuta. Mimi nilikuwa na linta ya zege juu ya madirisha, halafu kozi nne za tofali tupu, halafu mbao. Kati ya zege na kenchi hapakuwa na chochote kinachovuta isipokuwa udongo na matumaini.

Kwa hiyo kabla sijarudi dukani kuulizia bati, pesa ya kwanza ilikwenda mahali ambapo mgeni hawezi kupaona. Tulishusha kozi mbili za juu, tukamwaga mkanda wa zege kuzunguka kuta zote, na kila mahali kenchi itakapokaa tukaacha ncha mbili za nondo ya milimita 8 zilizofungwa chini kwenye nondo za mkanda, zikiwa zimetokeza juu. Kenchi ikikaa, ncha zinakunjwa juu yake kutoka pande mbili. Papi ikikaa juu ya kenchi, inapigwa misumari miwili ya kusokota, imeingizwa mshazari kila mmoja ukielekea kwa mwenzake, kisha utepe wa chuma unapita juu ya papi na kushuka pande zote mbili za kenchi. Utepe huo mafundi vijana waliona ni ushamba. Mmoja akaniambia, "Madam, hii ni kazi ya darajani." Nikamwambia lipo darasa lililopiga hesabu yake.

Umbo la paa nalo lilibadilika. La kwanza lilikuwa la pande mbili, limelala, kwa sababu paa likilala linakula bati chache. Mzee akalitaka la pande nne, limeinuka karibu nyuzi 30. Paa lililolala hufyonzwa zaidi. Lililoinuka kiasi hicho hupunguza ombwe upande unaopigwa na upepo. Na pande nne maana yake hakuna ule ukuta wa pembetatu unaokaa wima na kupokea kifua cha upepo.

Tulipogombana ni kwenye ukingo unaotokeza nje ya ukuta. Mimi, na Mwakata yangu kichwani, nilitaka utokeze mita nzima ili mvua isiguse ukuta. Yeye alitaka nusu mita: kila sentimita inayotokeza ni mkono unaompa upepo pa kushika. Tulibishana siku mbili, mzee na heshima zake, mimi na ualimu wangu. Mwishowe akauliza, "Ukuta wako ni wa udongo?" Nikasema wa kuchoma. "Basi unamwogopea ukuta wa mtu mwingine." Tukakubaliana sentimita 60, chini yake pakafungwa mbao upepo usiingie, na ukuta ukapigwa plasta ya saruji. Sina hakika hadi leo kama kwa nyumba ya tope ningemkubalia. Nadhani nisingekubali, huko mvua ndiyo inayoua, na ningeweka ukingo mrefu halafu nikaongeza utepe.

Baraza likatengwa. Lina mbao zake, nguzo zake zimefungwa kwenye zege, na limekaa chini kidogo ya paa kubwa bila kushikana nalo. Likitaka kwenda, liende peke yake.

Ndipo tukafika kwenye bati. Kuhusu mawe, mzee alikuwa na elimu ya Kericho. Kericho na Nandi ni kati ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Wakulima wa chai wanaijua kwa hasara yake. Alisema huko alikuta nyumba za zamani za wafanyakazi ambazo bati lake lina vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui, na halivuji. Bati nene hubonyea. Bati jembamba hubonyea sana, na likiwa limeshaliwa na kutu hutoboka. Kinachoamua ni ukubwa wa jiwe: la sentimita 4 lina uzito mara nane ya la sentimita 2, na kwa kuwa linaanguka kwa kasi kubwa zaidi, pigo lake linakaribia mara kumi na sita. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa miaka ishirini akisema bati lake ni imara, halafu siku moja tu likaharibika.

Vigae vya udongo na vya saruji sikuvifikiria sana. Uzito wake ni rafiki mbele ya upepo, lakini vinataka kenchi nzito, na jiwe kubwa huvipasua kimoja kimoja. Shule yetu ya zamani ina jengo moja lenye mabati ya asbesto. Yale hupasuka, na vumbi lake ni sumu ya mapafu, mtu asiyaguse kwa nyundo. Alumini haina kutu, ila ni laini. Bati za vigae zenye punje za mawe juu yake nilizitamani kweli: ni chuma, punje hazionyeshi vishimo, na hazipigi kelele. Shemeji yangu aliyeko Dallas, ambako mvua ya mawe ni habari ya kila mwaka, alinieleza kwamba Marekani paa hupimwa kwa kudondoshewa gololi ya chuma. Daraja la juu kabisa, la nne, ni gololi ya inchi mbili kutoka futi ishirini. Nikauliza bei ya hizo bati mjini kwetu. Nikarudi kwenye migongo midogo.

Migongo midogo ina siri ambayo sikuijua nilipoiona ya kizee. Msauzi ina uwanja bapa kati ya mgongo na mgongo, na jiwe likiangukia pale katikati linakuta pa kubonyeza. Migongo midogo haina uwanja; kila mahali ni upinde, na upinde unajitetea. Nikataka geji 28 ya kweli, ya aluzinki (chuma kilichopakwa alumini na zinki), isiyo na rangi. Safari hii nilimlipia nauli ya bodaboda yule kijana wa karakana, tukaingia dukani na maikromita yake. Duka la kwanza muuzaji alipokiona kifaa akakumbuka kwamba mzigo wa 28 umekwisha asubuhi. La pili wakatuacha tupime. Tulipima bati tano kutoka sehemu tofauti za mzigo, ncha na katikati, zikaridhisha.

Papi tukazisogeza, sentimita 75 katikati na 60 kwenye kingo. Bati lisiloachwa kuning'inia mbali na papi haliyumbi upepo ukipiga na halinepi jiwe likishuka. Tulianza kuezeka kutoka upande ambao upepo unaelekea, tukirudi unakotoka, ili mdomo wa kila bati uwe umeupa upepo mgongo. Na badala ya misumari ya bati tukatumia skrubu zenye raba, juu ya mgongo na siyo bondeni, kila mgongo kwenye kingo na kona, mgongo mmoja mmoja ukirukwa katikati.

Hapo nusura tuharibu kila kitu. Siku ya pili nilitoka shule nikasikia ko, ko, ko. Skrubu haigongi ko. Nikapanda ngazi nikiwa na gauni la kazini, nikamkuta kijana anazigonga skrubu kwa nyundo hadi nusu, kisha anamalizia na mashine raundi mbili ili aonekane amekaza. Ukifanya hivyo meno ya skrubu yanachana mbao badala ya kuishika, na ulichonunua kwa bei ya skrubu kinabaki msumari. Tulizitoa zote za mstari ule, tukasogeza matundu, tukaziba ya zamani. Mzee, aliyekuwa amelala chini ya mwembe, alisema tu, "Ndiyo maana nilikwambia ukae na daftari hapa." Raba nayo ina adabu yake: ikikazwa kupita kiasi inapasuka na kutoka pembeni, baada ya jua la miaka miwili maji yanapita. Inatakiwa ibonyee kidogo tu.

Utepe, skrubu, misumari ya kusokota na nondo za ziada, vyote pamoja, viligharimu chini ya bei ya bati kumi. Mkanda wa zege ndio ulionivunja, nilikopa tena.

Mabati ya bluu yaliyobaki mazima niliyatumia barazani. Sikuweza kuyauza.

Januari 2021 ulikuja upepo mwingine, usiku. Safari hii nilikuwa na vioo, na kabla haujafika nilifunga madirisha yote na mlango. Mwanangu aliuliza kwa nini nimekaa kitandani nimevaa viatu. Upepo uliguna juu yetu, ukazunguka, ukapiga, dari haikupumua. Kisha yakaja mawe, na haya yalikuwa na ukubwa wa ndimu. Kelele zake chini ya migongo midogo siwezi kuzieleza; tulikuwa tunazungumza kwa ishara. Kitu kikapasuka upande wa jikoni. Asubuhi nikakuta ni kipande cha bati la plastiki nilichoweka kupata mwanga, kimekuwa vipande kama gamba la yai. Mzee alikuwa amenionya kuwa plastiki ikila jua inakuwa kioo. Nilimsikiliza katika mengine yote isipokuwa hilo. Barazani bluu mbili zilikuwa zimeondoka na papi yake. Paa kubwa lilikuwa na vishimo vya kutosha, vinaonekana jua likiwa la ubavu, na halikuvuja tone.

Mwezi uliopita kijana mmoja mwalimu mgeni, anayejenga upande wa pili wa barabara, alikuja kuniamkia jioni. Kenchi zake zimeshasimama. Akasema anataka ushauri wa paa, maana amesikia mimi nina uzoefu. Nikachukua tochi, nikamwinulia kifuniko cha dari ya korido, nikamwambia apande akaangalie utepe, nondo zilivyokunjwa, misumari ilivyolala mshazari. Alikaa kule juu kitambo, nasikia anaguna. Akashuka ana vumbi hadi kwenye nyusi, akajipangusa, akanishukuru sana. Tukatoka barazani. Akasimama pale, akatazama juu.

"Lakini madam," akasema, "hii bluu mliipata duka gani?"